Gari la Mkunga na Kopo la Mkaguzi

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutoamini. Aliingia dukani, akaomba mizani, akapanga juu yake mawe yake ya shaba moja baada ya jingine, akautazama mshale. Ukisimama panapotakiwa, alibandika karatasi ya kijani akaaga. Ukipotoka hata unywele, aliifunga mizani kwa waya na kuigonga lakiri, na mwenye duka angeweza kuapa kwa miungu yote, mizani haifunguliwi. Mtaani walimwita Mkaguzi. Watoto wakimwona anakuja na sanduku lake waliambiana wasimame wima, wasije wakafungiwa.

Mwaka ule ofisi yao ya mjini ilivunjwa, ikaunganishwa na kituo cha kupimia malori kilichoko kilomita sitini kutoka hapo. Barua ya uhamisho ilisema hivyo hivyo, kilomita sitini, na kwamba aripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi au aandike kuacha kazi. Vyumba vya kupanga huko vilikuwepo, vizuri tu, vyenye maji ndani. Lakini Mkaguzi aliishi na mama yake, na macho ya mama yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli. Miaka arobaini mama alikuwa fundi cherehani katika nyumba ile ile. Aliijua kwa viganja: kona ya kabati, mlango wa jikoni unaogoma, ngazi mbili za uani. Kumhamisha ilikuwa ni kumpofusha mara ya pili.

Mchana jirani alikaa naye. Jirani huyu alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye bohari, na saa kumi na mbili ya jioni ilimkuta amevaa sare, yuko mlangoni. Basi kutoka kituo kipya lilifika mjini saa mbili kasoro. Kati ya saa hizo mbili palikuwa na mama peke yake, jiko, na giza ambalo kwake lilikuwa halina tofauti na mchana. Mwaka uliopita, siku moja tu aliyochelewa, Mkaguzi alimkuta mama ameketi sakafuni amejishika kifundo cha mguu. Hakuwa amelia. Alikuwa akipiga mbinja.

Kwa hiyo gari. Alikaa na karatasi akaona kwamba mshahara wake ungeweza kulilisha gari lita saba kwa siku, kwenda na kurudi, si zaidi ya hapo. Akampelekea habari hiyo mume wa marehemu dada yake, aliyekuwa fundi wa magari.

"Shemeji," fundi alimwambia akijifuta mikono, "gari ni kama mume. Sura achana nayo. Uliza linakula kiasi gani."

"Sasa nitajuaje?"

"Tafuta linalokwenda kilomita kumi na nane kwa lita moja, au zaidi. Chini ya hapo utakuja kulisukuma mwenyewe, na mimi mgongo unaniuma."

Kumi na nane. Namba hiyo ilimkaa kichwani kama mwiba mzuri. Hakuwahi kumiliki gari. Aliliendesha la ofisi tu, ambalo mafuta yake yalikuwa shida ya mtu mwingine. Sasa kila gari lililompita barabarani alilitazama akijiuliza: wewe je, unakula nini, na nani amewahi kukupima?

Wauzaji wote walisema maneno mamoja. Hili halili, hili linanusa tu. Wa mwisho kusema hivyo alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuwa akiuza kigari chake cha milango mitano, rangi ya krimu iliyofifia, kwa sababu magoti yamekataa kukanyaga klachi. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Shemeji yake fundi aliinama chini ya gari, akasikiliza injini kama daktari, akasema tumbo lake ni zima.

"Linanusa tu, mwanangu," Mkunga alisema.

"Naomba nilipime," alijibu Mkaguzi.

Mkunga alimtazama juu mpaka chini. "Kwani litakuwa na homa?"

Walikubaliana Jumamosi asubuhi, siku tisa kabla ya ile Jumatatu. Jirani alikuwa amelala baada ya zamu, kwa hiyo mama alikuja pia, akakaa mbele, tepu yake ya ushonaji, ile ndefu ya mita mbili, shingoni kama kawaida. Hakuweza kushona tena, lakini bila tepu alijiona yuko uchi. Mkunga alikaa nyuma na mkoba mapajani. Mkaguzi alikuwa amekuja na kopo la shaba la lita moja, la kupimia pampu za mafuta, ambalo ofisi ililistaafisha kwa kuwa mkono wake ulilegea. Ndani kopo lilikuwa la kweli kama siku lilipotengenezwa. Kwenye kituo cha mafuta alijaza tangi mpaka mafuta yakaonekana mdomoni. Kisha akaenda mpaka nguzo ya sifuri, ile iliyo mbele ya posta ambapo barabara kuu huanza kuhesabiwa, akairudisha mita ya safari kwenye sifuri, akaliondoa gari.

"Mpole huyu," Mkunga alimwambia mama. "Anaendesha kama amebeba mayai."

"Ndivyo alivyokuja duniani, dada yangu. Siku mbili nzima nilimsubiri."

"Ungeniita mimi. Ningemtoa kabla ya chai."

Mama alicheka, kisha akageuza uso dirishani, ambako hakuona ila mwanga ukipita. "Hizi nguzo fupi nyeupe bado zipo? Zenye namba?"

"Zipo, mama."

"Nisomee."

Mkaguzi alimsomea. Nguzo ya kumi. Mama akauliza gari linasema ngapi. Linasema kumi na moja. Nguzo ya ishirini; gari linasema ishirini na mbili. Mdomo wa mama ukatembea kama wa mtu anayehesabu mishono.

"Mbona hawapatani?"

"Nguzo wamezipanda vibarua kwa macho, mama. Hii ni mita."

Alisema hivyo bila kusita, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kutoamini. Labda miaka mingi ya kutazama mishale inamfanya mtu amhukumu kila muuza nyanya, lakini mshale wenyewe aupe kiti cha heshima.

Penye lango la kituo cha malori palikuwa na nguzo ya sitini. Mita ilisema sitini na sita. Waligeuza, wakarudi, na saa ya mkononi ikaonyesha kwamba safari ya kurudi ilichukua saa moja na dakika kumi. Akitoka kazini saa kumi na nusu, angeweza kufika kabla jirani hajaondoka. Kituo kile kile, pampu ile ile, alijaza tena tangi, safari hii kwa kopo, kopo baada ya kopo, huku mhudumu wa pampu akiwa ameshika kiuno na watu wawili wenye pikipiki wakipiga honi nyuma yao. Makopo sita yakaingia. La saba liliingia kidogo zaidi ya nusu, na mafuta yakatokea mdomoni.

Lita sita na pointi sita. Mita ilikuwa imeandika mia moja thelathini na mbili. Aligawanya kwenye karatasi juu ya boneti.

"Ishirini," alisema. "Kilomita ishirini kwa lita."

"Nilisema linanusa," Mkunga alijibu, akaanza kutafuta kadi ya gari mkobani.

Lakini mama hakuwa amesimama nao. Alikuwa ameshuka, akapapasa ubavu wa gari mpaka gurudumu la mbele, akachuchumaa. Alikuwa akilizungushia tepu. Zamani, macho yalipoanza kufifia, aliitoboa tepu ile kwa sindano kila sentimita kumi, ili aisome kwa kucha.

"Mama, utachafuka."

"Sentimita mia na sitini. Njoo uone kama nimekosea."

Hakuwa amekosea. Mkaguzi alifungua mlango wa dereva, akainama kusoma kibandiko cha kiwandani kinachotaja ukubwa wa matairi, kisha akasoma namba zilizo kwenye tairi lenyewe. Hazikufanana. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akapiga hesabu ya duara. Tairi lililotajwa kwenye kibandiko lingekuwa na mzunguko wa sentimita mia na sabini na sita.

Sasa ilikuwa wazi hata kwa mtu aliyelala. Gari lilihesabu mizunguko ya gurudumu, si barabara. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi, na gari likadhani limekwenda mbali. Vibarua waliopanda nguzo walikuwa sahihi. Kilomita zilikuwa mia na ishirini, na lita moja ilizaa kumi na nane na ushei. Ile ishirini haikuwepo duniani.

"Gari limevaa viatu vya mwenzake," mama alisema akijipangusa, na alionekana kufurahi, kama alivyofurahi zamani mteja akileta koti gumu.

Mkunga alikumbuka: barabara mbovu ziliwahi kuzipinda ringi zake, akanunua nyingine kuukuu pamoja na matairi yake, na aliyezifunga alisema zinaingia, hazina neno. Miaka saba hakuwahi kuwaza zaidi.

"Samahani, mama," Mkaguzi alimwambia Mkunga, sauti imebadilika, ile ya ofisini. "Siwezi kulichukua. Mita yake ni ya uongo. Ingekuwa mizani, ningeifungia hapa hapa."

"Uongo wangu mimi?" Mkunga aliuweka mkoba juu ya boneti. "Nimepima watoto wa mji huu nusu nzima, hakuna mzazi aliyerudi kuniambia mwanangu amepungua njiani. Nimekudanganya nini, mwanangu? Nilisema linanusa. Halikunusa?"

Mkaguzi alishikilia utaratibu. Kipimo kikishaonekana cha uongo, hakitumiki, hujadiliani nacho. Alianza kukunja karatasi. Usoni mwake palikuwa pamefungwa, na chini ya hapo alikuwa akiiona barua aliyokuwa hajaiandika, ile ya kuacha kazi, na mistari yake mitatu ya adabu. Siku tisa zisingetosha kulipata gari jingine la bei ile.

"Ngoja," mama alisema. "Mteja alikuwa akiniletea kitambaa, anasema mita tatu. Napima, nakuta mbili na robo tatu. Unajua nilikuwa namwambiaje?"

"Kwamba ameibiwa."

"Hilo ni la kwako wewe na waya zako. Mimi nilikuwa najiuliza, gauni linatoka au halitoki. Nijibu. Kopo lako ni la kweli?"

"La kweli."

"Barabara tuliyopita ndiyo utakayopita?"

"Ndiyo hiyo."

"Tumekwenda, tumerudi. Limekunywa ngapi?"

"Sita na pointi sita."

"Na wewe kwa siku una ngapi?"

Mkaguzi aliacha kukunja. Nyuma yao honi ilipigwa tena, ndefu, na mhudumu akamwambia mwenye pikipiki kwamba hawa wazee wanafanya mtihani, avumilie. Saba. Alikuwa na saba. Swali lake lote tangu mwanzo lilikuwa hilo, naye alikuwa amelijibu kwa kopo la shaba, kwa mkono wake, tone kwa tone, kisha akaliacha jibu chini akakimbilia kuligawanya kwa namba ya dashibodi. Gari lingeweza kudai limefika mwezini. Kwenda kazini na kurudi kwa mama yake kuligharimu makopo sita na kidogo zaidi ya nusu, na kopo halikusema uongo.

Alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Huenda kulikuwa na mizani nyingine katika miaka kumi na tisa, aliwaza, ambazo alizifunga kwa haki kabisa bila kumuuliza mtu alikuwa anajaribu kupima nini. Wazo hilo halikumfurahisha. Aliliweka kando, alijua litamrudia.

"Nisamehe, mama," alimwambia Mkunga. "Ni kazi imenizoea."

"Imekuzoea vibaya," Mkunga alisema, lakini kadi ya gari ilikuwa tayari mkononi. "Nakupunguzia bei ya matairi mawili. Manne sipunguzi, kwa sababu umeniita mwongo mbele ya watu wa pikipiki."

Shemeji aliposikia alijikuna kidevu. Mimi nilitazama tumbo, alisema, miguu sikuitazama. Akataka kulibadilisha viatu siku hiyo hiyo. Mkaguzi alikataa, matairi yaishe kwanza. Alichukua kipande cha karatasi ya kijani, akabandika juu ya mita ili asiione.

Jumatatu ile kazi mpya ilikuwa malori, vumbi, na bosi asiyejua kahawa inapowekwa. Saa kumi na nusu alitoka. Njiani lori lililokuwa mbele yake lilikataa kumpisha kwa muda mrefu, na mara tatu alitazama saa ya mkononi. Alipozima injini mbele ya nyumba ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Jirani alikuwa mlangoni, kofia kichwani, tochi kiunoni. "Umewahi," alisema, kwa namna ya mtu aliyekuwa na shaka.

"Nimewahi."

"Basi nina dakika kumi zangu." Akavua kofia, akarudi ndani, akakaa. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, uso umegeukia mlango.

"Haya, kaa na wewe," mama alisema. "Tuambie. Lori linapimwaje?"