Niliuliza Jina la Ua la Mbugani

Jamani, leo nimejuta kuuliza jina la ua.

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya ua la zambarau, kutoka mbugani, kwenye shamba la mpunga la mama mkubwa huku Ntalikwa. Mmoja wenu akanijibu kuwa ni okidi ya asili, inayoota penye majimaji. Nilifurahi mno!

Mwingine, nisiyemjua, akauliza liko wapi hasa.
Nikamwelekeza mpaka kijia cha kuingilia. (Ndiyo, mimi mwenyewe.)

Asubuhi nimerudi nikapige picha nzuri zaidi.
Nimekuta mashimo matupu, na majani yametupwa kwenye tope.

Mama mkubwa alikuwa anapalilia.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Wenzako walikuja jana na majembe na viroba, wakachimba viazi vya yale maua vyote, eti vinauzwa kwa chakula. Walisema umewatuma wewe, nikawapa na maji ya kunywa."

Nikamwambia siwajui watu hao.

Akasimamisha jembe, akanitazama.
"Sasa shamba langu walilijuaje?"

Ile picha nimeifuta. Mama mkubwa bado sijamjibu.
Ungekuwa wewe, ungemwambiaje?