Kwa Nini Kompyuta Ilisema Bibi Tusekile Ana Migomba

Nakumbuka siku moja ya mvua ya kwetu Tukuyu, ile isiyojua kukata. Nilikuwa kijana, mwanangu, najiita fundi wa programu kila nipitapo. Debe tupu haliachi kuvuma! Upepo ulikuwa umeangusha migomba kijijini kwetu Kisiba, na majirani wakakubaliana kuwagawia miche waliobaki bila kitu. Mimi nikaandika programu ya kuwatambua, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript.

Kila kaya niliiwekea orodha ya migomba iliyosimama. Asiyebakiwa na hata mmoja nikamwekea null, yaani hakuna. Kisha nikatumia typeof, neno la kuiuliza kompyuta kitu fulani ni cha aina gani. Orodha hujibiwa object, yaani kitu. Basi nikaiagiza: ukiona object, huyo ana migomba, mruke.

Bibi Tusekile, mjane jirani yetu, akaja na kikapu. Jina lake halikutokea kati ya wa kupewa miche.

"Mjukuu wangu, mashine inasema nina migomba?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ndaga, asante. Basi twende ikanionyeshe ilipo."

Nilicheka, ila moyo uliniuma, maana miche ilikuwa inakaribia kwisha. Nikaketi kuiuliza kompyuta kimoja kimoja. typeof 7? Number, yaani namba. typeof "ndizi"? String, yaani maandishi. typeof null? Object! Nikaandika upya nikidhani nimekosea herufi. Object tena. Hebu fikiria, kompyuta ikiulizwa "hakuna" inajibu vilevile kama ikiulizwa shamba zima! Baadaye nilisoma kuwa ni kosa la tangu lugha hiyo ilipozaliwa, likaachwa kwa sababu programu nyingi zimeshalizoea. Hata leo linanishangaza.

Nikabadili maswali. Kwanza, je, hii ni null? Pili, kwa Array.isArray, je, ni orodha kweli? Jina la Bibi likatokea, akaondoka na miche ya mwisho. Migomba ile ilipozaa, mkungu wa kwanza alituletea nyumbani.

Mwanangu, kuuliza si ujinga, lakini usiridhike na jibu la kwanza. Typeof ni mlango tu. Ingia ndani uone. Na kabla hujasema mtu anacho, nenda shambani kwake.

Mungu akupe udadisi usiochoka, na yeyote atakayekuja kwako na kikapu kitupu asirudi nacho hivyo.