Mipapai ya Bi Ufagio

Walimwita Bi Ufagio kwa sababu alifagia shule moja mpaka kiuno kikakataa, na alipostaafu ufagio ukahamia nyumbani. Mume alikuwa naye zamani. Alitoka kwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Bi Ufagio akarudi kwenye nyumba ya marehemu baba yake, ambayo sasa ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, akapewa chumba cha uani na kipande cha ardhi kati ya chumba hicho na ukuta. Hapo akapanda mipapai, mistari mitatu iliyonyooka kama madawati ya darasani.

Mipapai ikazaa mpaka ikavuka mipaka. Wifi yake ndiye aliyepika na mdogo wake ndiye aliyegharimia kila kitu, lakini papai la mezani lilikuwa la Bi Ufagio, na siku za kulikata alikaa wima zaidi. Aliyewahi kula kwenye chungu cha mwenzake anajua ninachosema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye jembe lake lilikuwa ile mipapai.

Kosa lilitokana na usafi. Katika kila mstari palikuwa na mti mmoja usiozaa, unaoning'iniza vikonyo virefu vya maua membamba, maua yanayodondoka na kuchafua pale alipokwisha kufagia. Miti gani hii, inakula mbolea bure kama wanaume wa kijiweni? Akachukua panga, akaikata yote asubuhi moja, akafagia, roho ikatulia. Shetani naye akamsaidia. Matunda yaliyokwisha kushika yaliendelea kunenepa na kuiva kwa miezi, hata akajisifu kwa wifi yake kwamba walaji wakipungua, chakula kinatosha. Kumbe alikuwa anamalizia akiba.

Akiba ilipokwisha, maua mapya yakaanza kudondoka. Yalifunguka makubwa, yenye afya, kila moja na kitunda cha kijani kibichi chini yake, kisha yakawa manjano na kuanguka. Akaongeza maji. Akaongeza samadi ya kuku. Akamwaga majivu. Akaitukana miti, halafu akaiomba radhi. Kila asubuhi aliyafagia maua huku akilia, wala hakujificha tena.

Wakati huo mtoto wa mdogo wake alikuwa ameoa, na maharusi walikuwa wakilala sebuleni nyuma ya pazia. Tumbo la mke lilikwisha kuonekana.

"Dada," mdogo wake alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha, "hawa watoto wanahitaji chumba. Mipapai ikizaa, siigusi, nitatafuta pengine pa kujenga. Isipozaa, fundi akipata nafasi tunaing'oa."

"Itazaa."

"Dada, hata maua inayatupa."

Akakimbilia kwa muuza miche wa mtaa wa pili, ua lililoanguka liko kiganjani. Mzee yule akalipasua kwa ukucha.

"Hili ni ua jike. Halikupata unga. Madume yako wapi?"

"Madume gani?"

"Ile miti yenye maua ya kuning'inia."

Bi Ufagio akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nimeikata."

"Yote?"

"Yote."

"Mama wee! Umefukuza mabwana harusi wote, halafu unamuuliza bibi harusi mbona hazai!" Akacheka, kisha akauona uso wake, akaacha.

Akamweleza taratibu kwamba mpapai mmoja huwa dume na mwingine jike. Unga wa manjano wa maua dume, yaani chavua, huchukuliwa na wadudu na upepo mpaka kwenye ua jike. Ua lisipoupata, kitunda chake hufa. Dume moja lingetosha kwa majike kumi.

Kwa bahati mzee alikuwa nalo moja nyuma ya banda lake. Akamruhusu achume maua yaliyofunguka kila asubuhi, machache tu, akamwonyesha jinsi ya kupasua ua dume na kulipaka juu ya kichwa cha ua jike. Bi Ufagio alianzia mstari wa mlangoni, akisimama juu ya kigoda, akaja wa katikati. Maua hayakuanguka. Vitunda vikavimba, vikafika ukubwa wa kidole gumba, naye akawa anavikagua kila saa kama mama mwenye mtoto wa homa.

Asubuhi aliyorudi na maua ya mstari wa mwisho, ule wa ukutani, alimkuta fundi uani na kamba na vigingi.

"Imeshika!" alimvuta mdogo wake mkono. "Njoo uone! Imeshika!"

Mdogo wake akakigusa kitunda kimoja kwa kidole. "Yataiva lini haya?"

Ilikuwa bado miezi.

"Mtoto atazaliwa kabla, dada."

"Na mimi je? Nitakuwa nani humu ndani?"

Mdogo wake akamtazama fundi, fundi akaitazama kamba yake. "Mstari wa ukutani haugusi msingi," fundi akasema. "Huo unaweza kubaki."

Mstari wa ukutani ndio pekee ambao haukuwa na hata tunda moja.

Bi Ufagio hakubishana. Mtoto anahitaji pa kulala, na hilo alilijua hata kabla ya kuambiwa. Alikibeba kigoda, akakiweka chini ya mti wa kwanza ukutani, akapanda. Nyuma yake panga likaanza. Shina la mpapai ni laini, halishindani na mtu, na kila mti ulipoanguka aliusikia. Hakugeuka. Unga mwingine ukamwagika kwenye kanga.

"Shangazi, shuka, utaanguka," mke wa mtoto wao akamwita kutoka mlangoni.

Bi Ufagio akachukua ua jingine, akalipasua, akaligandamiza juu ya ua jike.

"Shika," akaliambia. "Shika, tafadhali."