Fulu Ndani ya Ukuta

Nilikuwa Ogwedhi siku ya soko la mifugo, nikikagua ng'ombe ambao sikuwa na nia ya kuwanunua, nilipopigiwa simu kuambiwa kwamba yule mzee wa Homa Bay aliyeweka samaki ndani ya ukuta wa nyumba yake amefariki. Aliyenipigia alimtaja hivyo hivyo, mzee wa samaki wa ukutani, nami nikajua mara moja ni nani, maana mji mzima ulimjua kwa hilo. Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Tulikuwa watu wa kubishana. Nikipita Homa Bay sharti ningeingia kwake, tunywe chai, tukosane, kisha niondoke nikiwa na hamu ya kurudi. Siku ile nilihuzunika kuliko nilivyotarajia, na papo hapo nikaingiwa na wasiwasi mwingine ambao niliona aibu kumtajia mtu katikati ya msiba. Nani sasa angewaangalia wale samaki?

Kwa wasiomjua, marehemu alikuwa mnunuzi wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani. Miaka mingi alinunua samaki Remba na Muhuru Bay, akiwapakia kwenye barafu na kuwakimbiza barabarani kabla hawajaharibika. Mgongo ulipomkatalia kazi alijenga nyumba kwao, nje kidogo ya mji, na kati ya sebule na chumba cha kulia akaamua kuweka tangi la kioo refu kama kitanda cha watu wawili. Majirani walicheka: mtu aliyezeekea ziwani anajenga ziwa sebuleni, tena la samaki wasioliwa. Wako waliosema kwa sauti ya chini kwamba tajiri hafugi kitu ndani ya ukuta bila sababu. Yeye hakuwajali. Kilichomsumbua ni kwamba hakujua anachokifanya. Fundi alitaka kulikalisha tangi juu ya ukuta wa kawaida wa matofali, na kazi ilisimama mtu alipokumbuka kwamba maji yote yale yangekuwa mazito kama gari. Wakalichimbia msingi wake peke yake na kumwaga zege. Kisha fundi akapiga plasta pande zote, kazi safi kabisa, ndipo ikagunduliwa kwamba hakuna mahali pa kupitisha mkono wala wavu. Ikabidi wabomoe upande wa stoo na kuweka kijimlango, pamoja na soketi ya pampu ya hewa na chujio la maji.

Kosa kubwa lilikuja baada ya hapo, na ni kosa ambalo mchuuzi wa samaki tu ndiye angelifanya. Ibada ya kubariki nyumba ilikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi alijaza maji, na alasiri akatia vifaranga vya ngege, yaani perege, tele. Maisha yake yote yalikuwa ya haraka. Kwake samaki aliyecheleweshwa ni hasara. Wageni walikuja, wakapiga picha, mchungaji akaliombea hata tangi. Jumapili maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na ngege walikuwa wakielea. Aliwazika mwenyewe nyuma ya jikoni, akakataza wasiliwe, jambo ambalo wapwa zake hawajamsamehe mpaka leo.

Mama aliyemuuzia vifaranga hivyo, mzalishaji wa samaki wa upande wa Migori, alipigiwa simu na kulaumiwa. Alijibu kwamba samaki hawakuwa na kasoro, maji ndiyo yaliyokuwa mabichi. Akamweleza kuwa uchafu wa samaki hugeuka sumu, na kwamba viko vijidudu visivyoonekana ambavyo huila sumu hiyo, ila vinahitaji majuma ya kujijenga kwenye mawe na kwenye chujio. Tangi liachwe maji yazunguke, litiwe chakula kidogo kidogo kana kwamba lina samaki, maji yapimwe, halafu samaki waingizwe wachache wachache. Mzee alikubali shingo upande. Akawa anakaa jioni mbele ya mawe na maji matupu yenye taa, na kila mgeni aliyeingia alimuuliza kama samaki wamesafiri.

Nilikuwa pale siku mvuvi mmoja alipopiga simu kutoka Muhuru Bay. Alikuwa amenasa fulu kwenye miamba, wenye matumbo mekundu, aina ambayo mzee hakuwa ameiona tangu utotoni. Msomaji wa mbali huenda hawajui fulu. Ni visamaki vya rangi ambavyo mama zetu walivianika na kutupikia, kabla mbuta hajaletwa ziwani na kuvila karibu vyote. Mzee akaniambia jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema: mbuta ndiye aliyeijenga nyumba ile, na mbuta ndiye aliyewamaliza wale. Mvuvi alitaka jibu upesi. Kama mzee hawataki, yeye angewatia kwenye ndoana wawe chambo cha mbuta. Na maji ya tangi yalikuwa bado hayajaiva. Nilimsukuma aende awachukue siku ile ile, nikimwambia nafasi ya namna hiyo haiji mara ya pili. Aliniangalia kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Omera, ndugu yangu, samaki nimewaharakisha maisha yangu yote," akasema. "Na wote walikuwa wamekufa."

Akamwomba mvuvi awaweke ndani ya kizimba cha wavu katikati ya miamba, na awalinde. Majuma yaliyofuata yalikuwa ya mateso. Mara upepo umevuma, mara fisi maji ameng'ata wavu, mara mmoja ameonekana amekufa. Kila simu ilipolia aliitazama kwanza, ndipo aishike. Kila asubuhi alipima maji, na kila asubuhi jibu lilikuwa bado. Mimi nisingeweza, ningewatia zamani. Yeye alingoja mpaka maji yakaiva, na wale wachache waliosalia wakaletwa kwenye pipa lenye pampu ya kutumia betri ya gari, wakaingizwa kidogo kidogo, wakaishi. Baadaye wakazaana.

Siku ya mazishi ua ulijaa hema, na hema zilijaa watu ambao sikuwahi kuwaona wodini alipolazwa. Jeneza lilikuwa nje, mbele ya mjane. Jenereta ya vijana wa spika ilikuwa imekataa kuwaka, na kwa kuwa mheshimiwa mmoja alikuwa ameshafika na hotuba yake, vijana waliingia nyumbani kutafuta stima. Niliingia sebuleni kukwepa jua. Viti vyote vilikuwa vimetolewa, chumba kitupu, na katika utupu ule nikatambua kwamba pampu haingurumi. Fulu wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakigombea hewa, na wawili walikuwa wamelala ubavu. Nikakimbilia stoo. Waya mrefu mweusi ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya tangi, ukatokea dirishani kwenda kwenye spika. Nilitaka kuuchomoa, lakini nyumba haikuwa yangu. Nikamtafuta kijana mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akiongoza shughuli, nikamweleza.

"Mzee, ngoja kidogo mheshimiwa amalize," akaninong'oneza. "Unajua vile hawa watu huwa."

Mheshimiwa ndiyo kwanza alikuwa akiwatambua viongozi wenzake, mmoja baada ya mwingine. Nikainama sikioni mwa mjane. Alisimama, akajifunga leso vizuri, akapita mbele ya jeneza na mbele ya mheshimiwa, akaingia ndani. Spika zikakatika katikati ya sifa. Watu wakageuka kuangaliana, mtu akaanza kuwafokea vijana wa mitambo. Mama akarudi taratibu, akasimama kando ya jeneza, na kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine tulimsikia wote.

"Mheshimiwa, utanisamehe," akasema. "Huyu wangu anaweza kungoja. Wale wa ndani hawawezi."

Akaketi. Watu walisogeza viti karibu ili wasikie, na hotuba ikawa fupi kuliko ilivyopangwa. Nilirudi sebuleni nikakuta mapovu yanapanda. Wale wawili hawakuamka, lakini wengine walikuwa wameanza kushuka kwenye mawe yao.

Tangu siku ile nina hasira, na sioni haja ya kuificha. Huku kwetu tu hodari wa kumkimbilia mtu akishakufa. Michango hupatikana, hema husimama, spika hukodiwa, fulana zenye picha yake hushonwa kwa muda mfupi ajabu. Mtu huyo huyo akiwa kitandani anatafuta pumzi, tunamwambia angoje: angoje mwisho wa mwezi, angoje mvua ipungue, angoje tumalize shughuli. Marehemu alijifunza uzeeni kwamba kiumbe hai kina wakati wake na hakifuati wetu, na mkewe akatufundisha sisi wengine kwa kuchomoa waya mmoja. Kama kuna mgonjwa unayemjua, ndugu msomaji, weka gazeti hili chini uende ukamwone leo. Mazishi yake hayatakukimbia.