Mashini Yake, Meshi Zangu

Jino yangu ya kwanza kung'olewa iling'olewa Luberizi, ku mashamba ya muchele, na mutu wa kutengeneza baiskeli. Sijui juu ya nini naanzia pale. Ni kwamba nikikaa kufikiri mambo ya mashini, ulimi wangu unaendaka wenyewe ku ile tundu ya nyuma, na mawazo inafuata ulimi.

Papa alikuwa ametuteremusha toka Bukavu kwenda kukata muchele wa watu, sababu huku juu mihogo ilikuwa imeoza mwaka ule. Joto ya kule bondeni haina adabu, na mbu wake wanauma hata juu ya koti. Jino ikavimba mpaka jicho moja ikafunga. Munganga alikuwa mbali, Kamanyola, basi papa akanipeleka kwa ule wa baiskeli, mutu mufupi, vidole vyeusi kwa mafuta.

"Fungua kinywa," akasema. "Hii iko kazi ndogo kuliko kutoa pedali."

"Hatalia?" papa akauliza.

"Wewe njo utalia, papa. Yeye nitamupa kitu ya kushika."

Akanitia mu mikono chombo ya chuma yenye gurudumu ya meno na mukono wa kuzungusha, kama kisagio ya kahawa. Ilikuwa mashini ya kutoboa ya zamani, ile isiyojua umeme. Nikaifinya kwa nguvu zote, koleo ikaingia, na damu ikajaa. Nilipoacha kutema nilikuwa bado nimeishika. Mu mudomo wa ile mashini ilikuwa imetoka chuma nyembamba, imesokotwa kama kamba.

"Hiyo ni meshi," akaniambia. "Njo jino ya mashini. Iko ya mbao, iko ya chuma, iko ya ukuta. Na mutu haazimi jino ya mwenzake, unasikia? Tia hii yako mu kinywa ya papa yako uone kama atakula nayo."

Papa hakucheka. Papa hakuwa mutu wa kucheka, na ule mwaka hata kidogo. Tulirudi Bukavu na nusu gunia ya muchele uliolowa mu njia, na masomo yangu ikaisha pale pale, mu ya pili primeri. Herufi ninazoandika hapa nilijifunza baadaye, ku vitabu vya nyimbo kanisani, kwa hiyo mutu asinisumbue na nukta na alama za kuandika.

Nilifanya kazi nyingi. Nilibeba mawe, nilikoroga beto ya simenti, nilipaka chokaa. Mwisho nikakuwa kwa mujengaji mumoja aliyekuwa anafunga madirisha na milango mu manyumba ya kule Muhumba. Alipohama mji, vyombo vikubwa akapakia mu kamio, mimi akaniachia bati moja ya maziwa ya unga yenye kujaa meshi. Zilikuwa zaidi ya arobaini. Mashini hakuniachia.

Nilizipanga. Bibi yangu, muke niliyeoa, alinipasulia vipande vya vitenge vyake vya zamani, nikafunga kila aina mu kitambaa chake. Za mbao mu kijani: zile ziko na ncha ndogo katikati kama mwiba. Za chuma mu nyeusi: zenyewe nyeusi, kichwa kimechongoka. Za beto mu nyekundu: zile zinabeba ku kichwa kibao kidogo cha chuma kigumu, kipana kidogo kuliko mwili. Namba zilizoandikwa ku mikia zilikuwa zimefutika, na hata zisingefutika nisingezihitaji. Nilizijua kwa ukucha. Ya sita, ya nane, ya kumi, unipe mu giza na nitakuambia.

Lakini meshi bila mashini ni misumari isiyo na kichwa. Mutu aliyekuja kuwa mwenzangu wa kazi, yeye alikuwa na kinyume. Mujomba wake alimuachia mashini nzuri ya umeme, ya rangi ya kijani, ile ya mudomo wa taya tatu unaokaza na ufunguo, na kifungo pembeni: upande moja inazunguka tu, upande wa pili inazunguka na kupiga. Meshi alikuwa nazo mbili, na zote mbili butu. Tulikutana ku kazi moja Kadutu. Nilimuona anakazana kutoboa ukuta wa beto na meshi ya chuma, moshi inatoka, meshi imekuwa nyekundu kama pilipili.

"Papa," nikamuambia, "unapika nini pale?"

Akanitazama vibaya. Nikafungua kitambaa chekundu, nikamupa ya nane. Meshi ikaingia mara moja. Saa sita tulikula sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, na bugali ku sahani moja, na pale pale tukasikilizana: mashini yake, meshi zangu, tutaitwa ku kazi pamoja na kugawa nusu kwa nusu. Hatukuandika kitu. Yeye alisoma mpaka ya ine segonderi, angeweza kuandika. Hakuna aliyefikiri.

Miaka kumi na nane. Watu wa Kadutu walituita Bwana na Bibi. Mimi njo nilikuwa Bibi, sababu nilibeba bati kwapani kama mwanamuke na sakosi yake ya mukono. Tukipita ku kituo ya mafundi, walikuwa wanapiga kelele: "Bibi, leo Bwana atatoboa wapi?" Na mimi nilijibu: "Atatoboa mahali nitamuonyesha, bila mimi haingii hata mu chapati!" Walicheka mpaka kushika magoti. Mwenzangu pia alicheka. Nilikuwa naamini alicheka.

Kazi yetu iliendaka hivi. Yeye anapanda ngazi, mimi chini. Nagonga ukuta na kidole kwanza. Tofali ya kuchoma inalia chini-chini, beto inanyamaza. Kama ni tofali, namuambia asipige, azungushe tu. Kama ni karo, vile vigae vya kung'aa vya bafu, hapo hata kama nyuma kuko beto, namuambia: zima kupiga mpaka upite karo, kisha washa. Karo ni yai. Yeye ananyoosha mukono bila kuangalia, namutilia meshi mu kiganja. Mara nyingi hatukuongea hata neno, saa nzima. Bibi yangu alipokufa, njo yeye alitoboa sanduku lake la maiti, tundu za visi, zile skrubu za kushika mikono ya kubebea, na njo mimi nilimupa meshi, kitambaa cha kijani. Sikutaka mutu mwingine achague ile meshi.

Sasa nifike ku ile siku.

Ilikuwa mwaka jana, asubuhi, Nguba, kwa maman mumoja anayefanya biashara ya vitambaa. Alitaka tufunge tanki ya kupashia maji moto mu bafu, na visi vya kubebea taulo. Nilifika wa kwanza na bati yangu. Mwenzangu akafika na sanduku ya plastiki, valizi nyekundu, mupya, inang'aa. Akaiweka chini mbele ya yule maman, akafungua taratibu kama padri anafungua tabernakulo.

Mashini ilikuwa mukubwa, na mudomo haukuwa na taya. Hakuna ufunguo. Ni tundu tu ya mviringo yenye pete ya mupira: unavuta pete, unasukuma meshi, inajifunga yenyewe. Na pembeni mu valizi kulikuwa meshi zake tatu. Nikainama kuziangalia. Mikia yao ilikuwa imechongwa mifereji, miwili wazi na miwili ya kufunga. Nikapitisha ukucha mu ule mufereji. Zangu zote, arobaini na kitu, ziko na mikia laini. Sikuhitaji masomo kuelewa. Mutu mwenye kununua ile mashini aliingia mu duka, akaishika, akajua kwamba hakuna meshi yangu hata moja itakaa mule, na akainunua.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Ng'ambo ya Ruzizi. Hii inapiga kama nyundo, we! Beto itakuwa bugali."

"Na ile ya kijani?"

Alikuwa anakunjua waya. "Iliendaka Minova. Ndugu mumoja aliiomba."

"Lini?"

"Kuna wiki tatu."

Wiki tatu. Siku ya Mungu tulikaa benchi moja kanisani, akaniuliza habari ya magoti yangu.

"Na meshi zangu?"

"Tutaona. Kwanza utanishikia ngazi."

Yule maman alicheka, hakukuwa na ubaya mu kicheko chake. "Eh papa, Bwana amekuletea mbanda!" Mbanda kwetu ni muke mwenza. Mwenzangu akacheka na yeye. Mimi nikashika ngazi.

Tundu za tanki zilikuwa kubwa, meshi yake ya kumi na ine ikazifanya vizuri kabisa, siwezi kudanganya. Maman akapiga makofi. Kisha tukafika ku taulo. Pale ilihitaji ya nane, na juu ya karo. Karo za rangi ya maziwa zenye ua la buluu, Maman alizileta mwenyewe toka Kampala, na zilikuwa zimebaki ku ukuta tu, hakuna moja ya akiba. Meshi ndogo mu valizi ilikuwa ya kumi. Mwenzangu akanyoosha mukono bila kuangalia, kama kila siku.

"Leta nane."

"Haiingii mule," nikasema.

"Leta tu."

"Mukia wake ni laini. Haitafungwa. Na ile mashini..."

"Wewe umesoma wapi mambo ya mashini?" akasema. "Leta nane."

Basi nitasema ukweli, sababu nimekuwa muzee na sina mutu wa kudanganya. Nilikuwa na neno la kusema tena. Ningeweza kusema: karo ni yai, zima kupiga. Miaka kumi na nane nilisema lile neno. Siku ile nikalimeza. Nikafungua kitambaa chekundu, nikachukua ya nane, ile ile ya siku ya kwanza, nikamutilia mu kiganja. Nilitaka ivunjike.

Akaizungushia mukia papye kolan, ile utepe ya kunata, mara tatu, mara ine, mpaka ikanenepa, akaisukuma mu tundu kwa nguvu. Akaweka ncha mu moyo wa lile ua la buluu. Akabonyeza.

Meshi haikuzunguka. Mashini iliipiga matako tu, ta-ta-ta-ta, na karo ikapasuka toka juu mpaka chini, na ya pembeni ikafuata. Meshi ikaingia upande-upande nyuma ya karo, ikakwama pale na papye kolan yake kama kidonda kimefungwa bandeji.

Maman akashika kichwa. "Yesu! Karo zangu! Nani amefanya hii?"

Mwenzangu akateremuka ngazi. Hakuniangalia. "Ni meshi yake, Maman. Kila siku namuambia atupe ile mavyuma ya zamani."

Maman akanigeukia. Hakunikaripia, ingekuwa heri. Akasema kwa sauti ya pole, ile tunatumia kwa wagonjwa: "Papa, umezeeka. Kazi kama hizi, muachie mwenzako. Enda upumzike."

Nikangoja mwenzangu aseme kitu. Nilimupa muda wa kutosha. Nilikunja kitambaa cha kijani, nikakunja nyeusi, nikakunja nyekundu, na mule mu nyekundu nafasi ya nane ilikuwa wazi. Yeye alikuwa anapanguza vumbi ku mashini yake na mukono wa shati. Nikafunga bati, nikaitia kwapani, nikatoka mu bafu, nikapita chumba cha wageni, nikashuka ngazi za mbele.

Nilipofika ku geti nikasikia dirisha linafunguliwa.

"We Bibi!" akaita, na kicheko mu koo, kama mbele ya mafundi wa Kadutu. "Unaenda wapi? Tuko na matundu sita bado!"

Sentinele, mulinzi wa geti, akanifungulia. Nikapanda njia ya udongo, magoti inalia, bati inalia. Sikurudi.