Vidonge vya Miguu ya Baba

Wanaosema bondia Wichian aliuza pambano lile la mjini Buriram ni waongo. Mkewe Saowani, mwalimu wa sayansi, alikuwapo mizani ilipomkataa kwa kuzidi gramu mia nne.

Baba mkwe wa Saowani, aliyekuwa kocha wa Wichian, alitoa vidonge alivyoandikiwa hospitalini kwa miguu yake iliyovimba.

"Meza vitatu. Gramu zote utazikojoa."

"Baba, vidonge hivyo huzifanya figo zimwage maji na chumvi," alisema Saowani. "Wewe umevimba. Yeye tayari amekauka."

"Mwalimu, kasahihishe madaftari! Hapa pana mizani, hapana ubao."

Mabondia wakacheka. Wichian akameza, akakojoa mpaka midomo ikapasuka. Alipoomba maji, baba alimpa kipande cha barafu, kisha akamwamuru akiteme. Mizani ikakubali.

Maji aliyokunywa baadaye hayakumfaa. Raundi ya pili misuli ilimkaza, akaanguka bila kupigwa, na baba akamzomea pamoja na watazamaji. Figo hazikutoa tena hata tone. Siku ya tisa akafa.

Majirani huuliza baba alinong'ona nini penye jeneza. Saowani alisikia. Hasemi, wala hatasema.