Tope Linalokamata Wezi

Utotoni niliamini kwa moyo wangu wote kwamba tope la msitu wa Ngorongoro humnasa mwizi mguu, na halimwachii mpaka aungame.

Juzi niliona watalii wamekwama kwenye njia ileile ya msituni, wanacheka na kupigana picha, nikamkumbuka Paskalina, tuliyesoma naye shule ya msingi.

Darasa zima tulikwenda kuona maporomoko, baada ya mvua iliyonyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujikinga. Msitu ulinuka majani mabichi na mavi ya nyati. Wiki ile sukari ya uji wa shule ilikuwa imeibwa, kwa hiyo kila mmoja wetu alikanyaga kwa hofu. Tukapita salama, lakini Paskalina akazama hadi magotini.

"Ungama, we mwizi!" nilipiga kelele, mimi wa kwanza kabisa, na wenzangu wakaitikia kama kwaya.

"Sijaiba, jamani! Nivuteni!"

Hatukumvuta. Mwalimu, aliyekuwa nyuma yetu, alipofika, Paskalina alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Kesho yake hakuja shule, wala siku nyingine yoyote.

Basi nimemfuata kijijini Mbulumbulu, anakoishi sasa, nikamkuta anapepeta maharage. Pamoja na masomo yangu yote ya jioni, bado nilimwuliza kwa nini tope lilimchagua yeye. Hakuinua macho.

"Ninyi mlikuwa pekupeku, miguu ilichomoka kirahisi," alisema. "Mimi mama alinivalisha mabuti ya baba, nisipate baridi."